Fundi Amegundua

Bwawa la kuogelea la hoteli ile lilikuwa na watu wawili wa kulitunza. Mmoja aliandikwa fundi, mwingine akaandikwa mhudumu. Aliyejua kazi ni yule mhudumu. Hilo lilijulikana na kila mtu, kuanzia walinzi wa getini mpaka wapishi na wafua mashuka, isipokuwa watu wawili tu, meneja na tajiri mwenye hoteli. Na kwa bahati mbaya hao wawili ndio wenye kalamu.

Mhudumu mwenyewe walimwita Mapovu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na saba, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyependa maneno mengi, ila ukimuudhi anayo ya kutosha. Jina alilipata kwa tabia yake ya kusimama kila asubuhi ukingoni mwa bwawa, mikono nyuma, akitazama mapovu yanayotoka kwenye matundu ya kurudishia maji. "Leo kikapu cha pampu kimejaa nywele," atasema. Au, "Maji yamepungua, bwawa linakunywa hewa." Watu wakienda kuangalia, wanakuta ni kweli. Wapishi wakimtania kwamba anaongea na majini, naye anawajibu kwamba majini wana adabu kuliko wapishi.

Aliingia hotelini akiwa mfua taulo. Fundi wa zamani, mzee mkali asiyecheka, hakuwa na nia ya kumfundisha mtu yeyote, alichotaka ni mkono wa tatu. "We binti, shika hapa. Usiachie. Unasikia nini?" "Sisikii kitu, mzee." "Basi kiziwi wewe, sikiliza tena." Miaka tisa Mapovu alishika na kusikiliza, mpaka akawa anajua kwa sikio kama pampu imeshiba maji au ina njaa. Siku mzee alipostaafu alimkabidhi spana zake mbele ya watu wa stoo, akasema, "Huyu sasa anatosha." Stoo wakapiga makofi. Ofisini hakuna aliyesikia.

Miaka kumi imepita tangu hapo. Kila mwaka alikuwa akienda kwa meneja kuomba aandikwe fundi, na kila mwaka jibu lilikuwa lilelile: huna cheti. Hotelini wakaja mafundi wa nje, mmoja baada ya mwingine, wanakuja na viatu vinavyong'aa, wanamuuliza Mapovu tatizo liko wapi, anawaonyesha, wanaondoka wakiwa wameheshimiwa. Akachoka. Miaka miwili iliyopita, meneja alipotangaza kwamba sasa anataka fundi wa kukaa palepale, mwenye cheti chochote, Mapovu akampeleka shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Mtu huyo alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu bila kazi, akigombana na kuta. Cheti alikuwa nacho, cha umeme wa majumbani. Wakamwandika fundi siku hiyohiyo. Mapovu ndiye aliyemwonyesha swichi ya pampu ilipo.

Hebu tumtendee haki huyo shemeji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusalimia, na wageni walimpenda. Ila kazi ilikuwa haimuingii. Kilichomuingia ni ovaroli. Akiivaa na kuning'iniza funguo kiunoni, anatembea kuzunguka bwawa utadhani amelichimba yeye. Kukitokea tatizo anasema, "Shemeji, hebu njoo uone na wewe," na Mapovu anakwenda kuona, na kinachoonekana kinatengenezwa, na sifa zinakwenda zinakokwenda. Mapovu alivumilia. Alijiambia, si nyumbani kwetu? Si watoto wa mdogo wangu ndio wanaokula?

Uvumilivu huo ulikwisha siku meneja alipowakusanya wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa chakula. Tajiri anajenga bwawa la pili, alisema, upande wa pili wa barabara. Anataka fundi mkuu mmoja wa mabwawa yote mawili. Ajira ya kudumu, si ya mkataba wa mwaka mwaka, na atapelekwa chuo miezi sita kusomea kazi hiyo. "Na tajiri amesema hivi," meneja akanyanyua kidole, "hataki kuonyeshwa vyeti. Anataka kuona kazi. Atakayeonyesha kazi, nafasi ni yake."

Hataki vyeti! Mapovu aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Hata mhudumu?" Watu wakacheka. Meneja akacheka pia, lakini akasema, "Hata mhudumu, dada Mapovu. Kazi tu." Usiku huo hakulala vizuri, na si kwa huzuni. Alikuwa akifikiria chuo. Darasa la saba aliliacha njiani mama yao alipofariki, kwa kuwa mdogo wake alikuwa na miaka minne na hapakuwa na mwingine wa kubaki naye. Sasa angeingia darasani na daftari jipya, na umri huu!

Wiki mbili baadaye pampu ikaanza kumeza hewa.

Mapovu aliliona Jumatatu asubuhi. Mapovu madogomadogo yalikuwa yakitoka bila kukoma, maji yakirudi kwa kukohoa. Kwenye chumba cha mitambo, chini ya mfuniko wa pampu ulio kama kioo, maji yalikuwa nusu tu, yakichemka bila moto. Sindano ya saa ya presha juu ya filta ilikuwa inatetemeka. Alifungua koki ndogo ya juu ya filta, ikatoa hewa pssss kwa muda mrefu, kisha maji. Akaifunga. Baada ya saa moja hewa imejaa tena. Akamwita shemeji.

Shemeji alishika kiuno, akazunguka pampu mara mbili. "Kama hewa inaingia, basi pana mahali panavuja," alisema. Hapo alisema kweli. Akapiga magoti akatafuta maji yanayodondoka. Alitafuta Jumatatu nzima na hakuona hata tone. Jumanne akaamua ni mpira wa mfuniko wa pampu, ile pete inayobana hewa isipite. Akaandika stoo: mpira wa pampu. Stoo wakamletea mita thelathini za mpira wa kumwagilia bustani.

"Hiki nini?"

"Si umeandika mpira?"

"Mpira wa mfuniko, ndugu yangu!"

"Basi ungeandika mfuniko. Shukuru Mungu hatukukuletea wa kuchezea."

Pete ilipopatikana akaiweka, na pampu ikaendelea kumeza hewa vilevile. Jumatano akachukua gundi nyeusi akapaka kila kiungo alichokiona kwa macho, mabomba yakawa kama yamevishwa soksi. Wapi! Maji yakaanza kubadilika rangi, maana yalikuwa hayazunguki. Wageni wakalalamika. Meneja akaja, akaona ukijani pembeni, akashika kichwa. "Jumamosi tajiri anakuja na wenzake! Nitawaonyesha nini, supu?" Shemeji akajikaza, akasema pampu imekwisha kabisa, inatakiwa nyingine. Alhamisi asubuhi akapewa gari na dereva aende mjini kutafuta pampu mpya.

Jumatano yote Mapovu alikuwa amenyamaza. Hakuitwa, na safari hii hakujipeleka. Alikuwa anajua shemeji anakosea wapi, na ni kosa la watu wengi. Bomba linalosukuma maji likipasuka linajisema lenyewe, utaona tone. Lakini kati ya bwawa na pampu, bomba halisukumi, linavuta. Penye ufa hapo hakitoki kitu nje, ila hewa ndiyo inayoingia ndani. Utatafuta tone mpaka macho yakutoke. Mzee alikuwa akisema, "Usitafute panapolia, tafuta panapomeza."

Gari lilipotoka getini, Mapovu aliingia chumba cha mitambo akafunga mlango.

Alianza na yale mepesi ili asijilaumu baadaye. Usawa wa maji bwawani: unatosha. Kibao cha mlangoni mwa kisanduku cha kukusanyia majani: kinacheza, hakijakwama. Vizibo viwili vya chini ya pampu: vimekaza. Kisha akaenda kufulia, akamwambia dobi, rafiki yake wa miaka mingi, "Nipe taulo sita mbovu." Dobi akampa huku akinung'unika kwamba taulo mbovu haziishi kazi ila mwenye kuzifua ndiye atakayeisha.

Akaziloweka, akawasha pampu, akaanza kufunga taulo mbichi kwenye viungo, kimoja kimoja, kuanzia mbali kuja karibu, na kila akifunga anainama kutazama mfuniko. Taulo mbichi ikiziba panapopita hewa, pampu inakosa cha kumeza, inatulia. Kiungo cha ukutani: bado inachemka. Cha pili: bado. Mkono wa valvu, pale mpini unapoingilia, ambapo mara nyingi ndipo penye ugonjwa: bado. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Ikabaki kiungio cha mwisho kabisa, kile cha plastiki kinachoingia kwenye mdomo wa pampu. Kwa juu kilikuwa kimepakwa gundi nyeusi kama vingine. Alipitisha taulo chini yake, akaizungusha, akaibana kwa mikono miwili.

Pampu ikabadilisha sauti. Ule mkoromo ukakatika. Chini ya mfuniko maji yakapanda, yakapanda, yakajaa mpaka juu, yakatulia safi. Mapovu akaachia taulo; maji yakaanza kuchemka. Akabana tena; yakatulia. Alifanya hivyo mara nne, na ya nne haikuwa ya lazima, alifanya kwa raha yake tu. "Nimekupata, mshenzi wewe," aliliambia bomba.

Alipozima na kulikata, alikuta alichokitarajia. Plastiki ilikuwa imekunjamana kwa joto, na upande wa chini, ambako hakuna aliyetazama, ulikuwa na ufa mwembamba wa kuingia ukucha. Kiungio huwa hivyo pampu ikizungushwa bila maji. Na Mapovu alijua ni lini. Mwezi uliopita shemeji alifunga valvu ili asafishe kikapu, akawasha pampu, akasahau kufungua, akaenda kunywa chai. Mapovu ndiye aliyenusa harufu ya moto na kukimbia kuzima. Hakumwambia mtu.

Kiungio kipya alikitoa kwenye sanduku la spana alizoachiwa na mzee. Akazungushia nyuzi zake za kufungia tepu nyeupe, akapaka gundi ya mabomba, akaunganisha, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akisubiri ikauke. Saa tisa alasiri aliwasha. Pampu ikavuta, ikashiba, ikanyamaza. Akatoka kwenda ukingoni. Matundu yalirudisha maji mazito, laini, bila povu hata moja. Alisimama pale na mikono yake nyuma, na ukweli usemwe, alilia kidogo.

Sasa sikiliza jambo alilolifanya. Pale kulikuwa na daftari la bwawa, ambalo kila siku linaandikwa yaliyofanyika na kila jioni linapelekwa ofisini. Mwandishi wake ni Mapovu, kwa kuwa shemeji mwandiko wake haukusomeka. Zamani, alipoanza kuliandika, aliandika "nimefagia, nimepima dawa," na meneja wa wakati huo akamtupia usoni. "Nimefanya, nimefanya, hii ni barua ya mapenzi? Andika mhudumu amefagia. Kiofisi." Tangu hapo aliandika hivyo, mhudumu amefagia, mhudumu amepima, miaka nenda rudi.

Alhamisi hiyo alishika kalamu akaanza: Mhudumu ame... Akasimama. Akalitazama lile neno. Mhudumu gani anayekata mabomba? Mhudumu gani aliyefanya kazi ile? Mzee alikwisha sema anatosha. Tajiri mwenyewe amesema hataki vyeti. Akararua ukurasa, akaanza mwingine:

"Fundi amekagua upande wa kuvuta kwa kutumia taulo mbichi. Fundi amegundua ufa chini ya kiungio cha kuingilia pampu. Fundi amekata na kuweka kipya. Pampu haivuti hewa tena. Pampu mpya haihitajiki."

Mara tatu aliandika fundi, na kila mara uso ulimpata moto. Miaka kumi na tisa hajawahi kujiita hivyo hata kwa mzaha. Akalipeleka daftari ofisini mwenyewe, akaliweka mezani, akaenda nyumbani akiimba.

Ijumaa asubuhi meneja alitoka ofisini anapiga makofi. "Dada Mapovu! Shemeji yako katutoa kimasomaso! Nimemsomea tajiri kwenye simu neno kwa neno. Amesema huyo ndiye mtu anayemtaka. Huyohuyo."

Mapovu alikuwa ameshika fagio. "Shemeji gani?"

"Una mashemeji wangapi hapa? Fundi!"

"Meneja, jana fundi alikuwa mjini. Kazi ile nimeifanya mimi."

Meneja alimtazama kwa upole, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Mjini alikwenda asubuhi. Angeweza kurudi. Na daftari limesema fundi amegundua."

"Daftari nimeliandika mimi!"

"Ndiyo, mwandiko wako naujua. Umeandika alichofanya fundi. Ingekuwa ni wewe, si ungeandika mhudumu? Kila siku si unaandika mhudumu?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Katika lugha yetu yeye ni yeye, awe mwanamume awe mwanamke, na fundi ni yule ambaye ofisi imemwandika fundi. Mapovu alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa neno alilolipenda kuliko yote.

"Mwite umuulize," alisema mwishoni.

"Nimekwisha muuliza. Nilimwambia, hongera kwa kazi ya jana, akacheka tu, unamjua alivyo mnyenyekevu." Meneja akamgusa bega. "Kesho tajiri anakuja. Kama una la kusema, mwambie yeye mwenyewe. Mimi sitakuzuia."

Alimkuta shemeji nyuma ya chumba cha mitambo. Alikuwa anajifanya hamnazo, akisafisha spana iliyokuwa safi. "Shemeji," Mapovu alisema, "umewaambia nini?"

"Sijasema kitu mimi. Haki ya Mungu sijasema ni mimi."

"Na hujasema si wewe."

Akainamisha kichwa, akaendelea kuisugua spana. Dobi, aliyekuwa anaanika karibu, alimvuta Mapovu pembeni. "Kesho sema," alimwambia. "Simama mbele ya tajiri useme. Taulo zangu sita ziko pale zimejaa gundi nyeusi, nitazileta mwenyewe nizitandaze miguuni pake. Na mlinzi atasema gari halikurudi mpaka usiku. Usipojisemea kesho, dada, utakufa mhudumu."

Mapovu akasema atasema. Na alikuwa amekusudia hasa.

Jioni, kabla jua halijazama, mdogo wake alikuja. Mapovu alikuwa anapiga pasi sare yake ya kesho. Mdogo mtu hakukaa. Alisimama mlangoni, mtandio mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ingia, mbona unasimama kama mdai?"

"Najua ni wewe uliyetengeneza," mdogo akasema. "Ameniambia. Amelia, dada, mwanamume mzima. Anasema walimpongeza kabla hajajua anapongezwa kwa nini, kisha akashindwa kurudi nyuma."

"Basi kesho nitamsaidia kurudi."

"Ndiyo nimekuja. Usiseme."

Pasi ilikuwa juu ya kola. Mapovu aliiondoa, akaiweka wima. "Hebu rudia."

"Ukisema, watauliza kila kitu. Watajua hajui kazi, watajua pampu aliiunguza yeye. Watamfukuza. Atarudi kukaa pale kwenye kiti chake miaka mingine mitatu, ananitazama. Wewe hukuwepo ndani ya ile nyumba, dada. Mimi nilikuwepo." Akafuta pua kwa mtandio. "Wewe uko peke yako. Huna mtoto wala mume. Unahitaji nini wewe?"

Alisema hivyo, na mara akaona alichosema, akaziba mdomo. Lakini limeshatoka. Mapovu alimtazama huyu aliyembeba mgongoni akienda naye kisimani, aliyemwachia darasa la saba, aliyemsuka, aliyemuoza. Alitaka kumwambia kwa nini yuko peke yake. Alitaka kumwambia ni nani aliyeila nafasi ya hao watoto wake ambao hawakuzaliwa. Na alimchukia, ndiyo, kwa muda ule alimchukia mdogo wake kabisa.

"Nenda nyumbani," alisema. "Watoto wana njaa."

"Dada, utasema?"

"Nenda nyumbani."

Jumamosi saa nne tajiri alifika na wenzake watatu. Alikuwa mzee mfupi mchangamfu, mwenye kupenda kushika vitu. Alishika maji, akashika mfuniko wa pampu, akashika kiungio kipya. Shemeji alikuwa amesimama kando na ovaroli iliyopigwa pasi, mdogo wake Mapovu ndiye aliyeipiga. Mapovu alikuwa mlangoni mwa chumba cha mitambo. Dobi alikuwa nyuma yake, na taulo sita chini ya kwapa.

"Huyu ndiye fundi mwenyewe!" tajiri akasema. "Haya, tueleze. Mimi napenda kuelewa. Ulijuaje ni hapa, na si pale?"

Shemeji alikohoa. "Tuliangalia presha, tajiri. Presha ikawa... yaani ikicheza. Kwa hiyo hewa, kwa sababu ya presha..."

"Ndiyo, lakini hapa? Umejuaje ni hapa? Na hizo taulo ni za nini?"

Shemeji hakujua. Siku nzima ya kupongezwa, na hakuwa amemuuliza Mapovu hata mara moja amelipataje. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Tajiri akakunja uso. Meneja akatazama chini. Dobi akamsukuma Mapovu kwa kidole mgongoni: sema.

Shemeji akageuza macho akamtazama. Hayakuwa macho ya mwizi, ingekuwa nafuu. Yalikuwa macho ya mtu anayezama.

Mapovu akaingia ndani.

"Tajiri," alisema, na sauti yake ilikwaruza kuliko siku zote, "fundi alijua kwamba huku ni upande wa kuvuta. Huku ufa hautoi maji, unameza hewa, kwa hiyo hakutafuta tone. Fundi alichukua taulo mbichi, akaanza kule ukutani, akafunga kiungo kimoja kimoja, kila akifunga anatazama hapa kwenye mfuniko. Kote huko maji yalikuwa yanachemka. Alipofika hapa, akapitisha taulo kwa chini hivi, akaibana, pampu ikanyamaza. Akaachia, ikaanza. Akabana, ikanyamaza. Fundi akajua ni hapa. Akakata."

Alikuwa amepiga magoti bila kujijua, mikono yake imezunguka bomba kama Alhamisi, na alieleza mpaka mwisho, tepu mizunguko mingapi, gundi ilikaa muda gani, kwa nini usiwashe kabla haijakauka. Wageni wa tajiri walikuwa wameinama kumzunguka. Hakusema uongo hata neno moja. Nyuma yake alisikia dobi anasonya, kisha miguu yake ikiondoka.

Alipomaliza, tajiri alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. "Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Mnaona jambo hili? Hata mama wa taulo ameelewa, na ameelewa vizuri! Mafundi wa kujua kazi wapo wengi. Mimi namtaka huyu, anayejua mpaka anaweza kumfundisha mtu kama huyu." Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Mapovu, aliyekuwa bado amepiga magoti, kumpa shemeji.

"Hongera, fundi!"

"Ahsante, tajiri," alisema Mapovu.

Lilimtoka tu. Lilitoka kabla la shemeji, wazi na kwa sauti, kila mtu akalisikia. Kisha tajiri akaangua kicheko, meneja akacheka, wageni wakacheka, shemeji naye akacheka huku mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa tajiri. Tajiri alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Mapovu aliinuka, akakung'uta magoti, na kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, yeye pia akacheka.